Presha ikishuka wakati wa upasuaji, mtoto huwaje?

Swali: Mke wangu atajifungua kwa upasuaji. Dada yake alipodungwa sindano ya mgongo presha ilishuka, akatapika. Je, mtoto hudhurika?
Baba mtarajiwa, Mwakirunge

Jibu: Una haki ya kuuliza. Sindano hiyo hulegeza mishipa ya damu, presha ikashuka ndani ya dakika chache. Kondo la nyuma hutegemea presha ya mama. Ikianguka, oksijeni ya mtoto nayo hupungua. Ikirekebishwa upesi, kwa kawaida mtoto hutoka salama. Marekebisho yakicheleweshwa, damu ya mtoto inaweza kuzidi asidi.

Ndiyo maana mama huinamishwa kidogo kushoto, tumbo lisibane mshipa mkubwa, huku akitundikiwa dripu na presha ikipimwa mara kwa mara. Kuhusu dawa za kupandisha presha, naunga mkono mapendekezo ya kimataifa ya 2018: fenilefrini itangulie. Efedrini huvuka hadi kwa mtoto na kumwongezea asidi. Lakini fenilefrini ikikosekana, efedrini ni afadhali sana kuliko kungoja.

Kutoka Mwakirunge hadi hospitali ya Coast General mjini Mombasa ni mwendo, basi ulizeni mapema lini aache kula, na lini aache maji. Na kwenye meza ya upasuaji asivumilie kimya: akihisi kichefuchefu au kizunguzungu, amwambie mtaalamu wa nusukaputi papo hapo.