SOMO LA AFYA: UKIAMKA USO UMEPINDA



Mtu analala mzima, asubuhi mdomo umeenda upande mmoja, jicho halifungi, chai inamwagika. Majirani husema ni upepo wa mlimani, ama laana. Sivyo. Mara nyingi ni neva ya uso iliyovimba. Siku zikipita bure, tiba hupungua nguvu.

Je, ni kiharusi? Mwambie akunje paji la uso. Likikunjika pande zote mbili, au mkono umelegea, au maneno yamevurugika, huenda ni kiharusi: hospitali saa hiyo hiyo! Hata lisipokunjika, daktari ndiye wa kuamua, na aende siku hiyo.

MATIBABU

1. Vidonge vya prednisoloni. Vianzwe ndani ya siku 3. Utafiti wa Uskoti wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba baada ya miezi 9, watu 94 kwa 100 waliovimeza walikuwa wamepona kabisa. Wasiovimeza ni 82. Mwenye kisukari, presha, vidonda vya tumbo au mimba amwambie daktari kwanza. Usijinunulie dukani.

2. Jicho. Lisipofungika hukauka, na laweza kupofuka. Tia matone mchana, mafuta ya jicho usiku, kisha lifunge vizuri kwa plasta ukilala. Likiuma au kuwa jekundu, rudi haraka.

3. Mazoezi. Fanya polepole mbele ya kioo, kama mtaalamu alivyokuonyesha. Usikaze kwa nguvu.

4. Upasuaji. Ni kwa wachache wasiopona, kwa mfano kusaidia jicho kufunga.

Kama kuna vipele sikioni, usaha au uvimbe shingoni, mwonyeshe daktari. Kubali pia kupimwa sukari na virusi vya UKIMWI. Kuchanja uso kwa wembe hakusaidii, kunaleta vidonda.

Wengi huanza kupata nafuu kwa wiki 3. Miezi 3 ikipita bila mabadiliko, rudi hospitali. Na tusimcheke mgonjwa wala kumficha nyumbani. Aendelee kuja kanisani na kwenye chama.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mwenzetu akipatwa leo usiku hapa Giakanja, nani atampeleka Nyeri mjini au Mathari?
2. Je, sanduku la kikundi lina nauli ya dharura, ama ni lazima tungoje mkutano?
3. Nani atamkumbusha dawa ya jicho kila jioni?