Chungu cha Kupikia: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Chungu kikipasuka mekoni, mboga imemwagika, moto umezima na huenda mtoto ameungua. Wanawake wa Kikisi, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao husafirishwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo karibu na Matema, huuza vyombo vya kuteleka, si mapambo ya sebuleni. Anayetaka kufinyanga udongo wa kwao na kuuchoma kwa kuni ashike haya.

Jaribu udongo kabla ya kuubeba. Sokota kamba nyembamba, izungushe kidoleni. Ikikatikakatika, udongo hauna mnato.

Usiache chembe za chokaa. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Chungu kinatoka motoni kizima, unakisifia, unakipanga. Siku chache baadaye chokaa iliyoungua imenyonya unyevu wa hewa, imevimba na kubandua ukuta kutoka ndani. Utakuta kishimo, na katikati yake nukta nyeupe. Loweka udongo, uchuje, kisha uchambue kwa vidole.

Changanya mchanga au vigae vilivyotwangwa. Vyungu vilivyovunjika ni mali, usivitupe. Udongo laini mtupu unafinyangika vizuri, lakini hauhimili moto wa mafiga. Vigae huupa mvuke pa kutokea na huzuia ufa usiendelee.

Usikipe chungu cha kupikia kitako bapa chenye kona. Kitako kiwe cha mviringo, na ukuta uwe na unene mmoja.

Usianike juani siku ya kwanza. Kivulini, pasipo upepo, mdomo umefunikwa.

Usichome chungu kibichi. Kiguse kwa shavu: kikiwa cha baridi, maji yangali ndani. Maji hayo yakifika nyuzi 100 hugeuka mvuke na kukilipua chungu. Kipashe kwanza kando ya moto mdogo, ukikigeuzageuza, ndipo upange kuni kavu. Karibu na nyuzi 573 kwatsi iliyomo mchangani hutanuka ghafla, na kikipoa hunywea ghafla vilevile. Kwa hiyo usiharakishe kupandisha moto wala kufukua majivu. Wako wafinyanzi wanaotoa chungu kikiwa chekundu na kukinyunyizia maji ya magome. Hao wanaujua udongo wao tangu utotoni. Wewe subiri kipoe.

Usichome kwa matairi, plastiki wala mbao zenye rangi. Moshi wake ni sumu kwako na kwa jirani.

Usipake ndani rangi ya mafuta wala dawa ya kung'arisha usiyoijua. Ikiwa na madini ya risasi, ndimu na ukwaju vitayatoa na kuyaingiza kwenye chakula. Sugua ukuta kwa kokoto laini ungali na unyevu kidogo. Mng'ao huo hauna madhara.

Gonga kila chungu kabla ya kukiuza. Kizima hulia. Chenye sauti butu kina ufa au hakijaiva. Kuziba ufa kwa gundi na kumuuzia mtu ni wizi.

Pika uji mwepesi kwanza ndani ya chungu cha kupikia. Wanga huziba vitundu. Mtungi wa maji usiufanyie hivyo kamwe, kwa kuwa jasho lake ndilo linalopoza maji. Mnunuzi akiondoka, awe amekwisha kuambiwa tofauti hiyo.