Dondoo muhimu: Mapezi ya kuogelea, mafupi au marefu?

Uwe unaingia Ziwa Nzilo karibu na Kolwezi, Ziwa Tanganyika kule Kalemie au bahari ya Mnemba, Zanzibar, amua kwanza: utaogelea juu ya maji au utazamia?

1. Kuogelea juu na bomba la kupumulia: chagua mafupi, mepesi, yanayofunika kisigino na kuvaliwa peku.
2. Kuzamia na mtungi wa hewa: chagua yenye mkanda wa kisigino, marefu na magumu zaidi, yaweze kusukuma mzigo.
3. Ya mkanda yajaribu ukiwa umevaa viatu vyako vya kuzamia.
4. Usichukue makubwa ukidhani utayazoea. Huchubua na kuchomoka majini.
5. Yakibana vidole, yaache, mguu utakakamaa.
6. Ukinunua yaliyotumika, kunja mpira na mkanda. Ukiona nyufa, rudisha.
7. Ukiwa umeyavaa, tembea kinyumenyume usijikwae.
8. Usisimame juu ya matumbawe. Pigo moja huvunja kilichokua kwa miaka mingi.
9. Waulize wavuvi kuhusu mamba, viboko na kichocho; mapezi hayakukingi.
10. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Nzilo liko juu zaidi. Kabla ya kuzamia huko, hakikisha mkufunzi amerekebisha hesabu za kina na muda kulingana na mwinuko huo.
11. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kausha kivulini, hifadhi yakiwa yamelala bila kukunjwa.