Chapa Picha za Lino Nyumbani Bila Mashine

Anayeishi chumba kimoja Mwananyamala au Tandale, Dar es Salaam, anaweza kuchapa picha safi ya lino, yaani iliyochongwa kwenye lino na kupakwa wino, bila kumiliki mashine. Mashine hutoa mgandamizo tu, na kwa picha ndogo kama kadi ya posta, mkono na kijiko vinatosha.

Dar es Salaam ina historia ya kazi hii. Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, iliwapa vijana nafasi ya kujifunza kuchapa picha. Msanii Robino Ntila ni mmoja wa waliotokea hapo.

Vifaa

*Lino.* Lino halisi hutengenezwa kwa mafuta ya kitani na unga wa koki juu ya kitambaa cha juti. Zulia la plastiki linalouzwa kwa mita halifai, ni jembamba mno kuchongwa. Ukikosa lino, omba mabaki ya ubao wa MDF kwa mafundi seremala wa Keko, au tumia mpira mgumu wa soli.

*Patasi ndogo.* Ubavu wa mwavuli mbovu una mfereji katikati. Ukate, unoe ncha, uutie mpini wa mti.

*Wino.* Nunua wino wa mafuta wa wachapaji. Rangi ya nyumba hutiririka na kujaza mistari.

*Vingine.* Rola ndogo ya mpira, kipande cha kioo chenye kingo zilizofunikwa kwa utepe wa gundi, kijiko na karatasi nyembamba.

Hatua

1. Chora kwa penseli laini kwenye karatasi, igeuze juu ya lino, usugue mgongo wake. Mchoro utahamia ukiwa umegeuka, na chapa itatoka sawa, hata maandishi.
2. Anika lino juani dakika chache lilainike.
3. Chonga sehemu zitakazobaki nyeupe. Mkono unaoshika lino ukae nyuma ya patasi daima, kamwe usikae mbele ya ncha.
4. Tandaza wino kidogo kwenye kioo mpaka rola itoe mlio mwembamba kama mafuta yanayoanza kuchemka. Kisha paka lino, tabaka jembamba juu ya jembamba.
5. Laza karatasi, usiisogeze tena. Sugua kwa mgongo wa kijiko kwa miduara midogo, kuanzia katikati.
6. Inua pembe moja uchungulie. Palipofifia, rudisha karatasi usugue zaidi.

Picha ikitoka na madoa meupe, wino ni haba au hukusugua vya kutosha. Mistari ikiziba, wino umezidi.

Tundika picha kwenye kamba kwa vibanio, ndani ya nyumba. Unyevu wa masika huchelewesha kukauka. Safisha vifaa kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni. Epuka petroli: mvuke wake una sumu na hushika moto upesi.

Ukichapa nakala 10, andika kwa penseli chini ya kila moja 1/10, 2/10 hadi 10/10, uweke sahihi, na usizidishe. Mnunuzi atajua ziko ngapi, nawe utakuwa umeilinda thamani ya kazi yako.