Kupandisha Debian 11 Hadi Toleo la 13

Swali: Je, kompyuta yenye Debian 11 yaweza kupandishwa hadi toleo la 13 kwa hatua moja?

Jibu: Haifai. Debian, mfumo endeshi huria, yaani ule ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadili, hupandishwa toleo moja baada ya jingine, kwa kuwa vifurushi vya programu zake hutegemeana. Hivyo ni lazima kupitia toleo la 12, lililotolewa Juni 2023, baada ya kuhifadhi nakala za mafaili kwenye diski ya nje. Jambo linalosahaulika mno ni kwamba tangu toleo hilo programu ndogo zisizo huria zinazopakiwa ndani ya vifaa, kama kadi ya Wi-Fi, zimetengewa sehemu iitwayo non-free-firmware, ambayo isipoongezwa katika faili la /etc/apt/sources.list, programu hizo hazitapata masasisho.