Somo la Nguo Pana: Yaliyo Halali, Yaliyo Makuruhu, na Yaliyo Dhana Tu

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad, na aali zake na sahaba zake: somo hili ni katika khabari ya mavazi mapana yaliyoenea kwa vijana wa zama hizi, mjini na shamba. Nayo ni fulana ifikayo karibu na magoti, suruali ya jinzi yenye miguu mipana kama magunia, na sweta zito lenye kofia. Watu wazima wengi huzitazama nguo hizi kwa jicho la kuchukia, na baadhi yao huhukumu kwa ulimi kabla ya kuuliza kwa elimu. Na hukumu isiyo elimu huenda ikamfukuza mtu mlangoni pa msikiti. Basi afukuzaye mtu nyumba ya Mungu kwa dhana yake amejitwika mzigo mkubwa kuliko wa nguo ile.

Mathalan, na tukadirie kijana aliyezaliwa Getanuwas, kata ya wilaya ya Hanang katika mkoa wa Manyara, akashuka Tanga kutafuta riziki. Nchi aliyotoka ni ya juu, yenye mlima uliopita mita 3,400, na alfajiri zake ni za baridi. Sweta lile zito huko lilikuwa na kazi. Amefika pwani katika masika, akaenda sala ya Ijumaa amelowa, pindo za suruali zaburura tope. Mzee mmoja akamkemea mbele ya watu, akamwita muhuni. Kijana akageuka, wala Ijumaa ya pili hakuonekana. Suali ni hili: katika wawili hawa, ni nani aliyekosa, na amekosa nini?

FASILI YA KWANZA: ASILI YA NGUO HIZI

Upana wa nguo si uzushi. Kanzu ni nguo pana, na bafta yake nyembamba hupitisha upepo. Kikoi ni nguo pana. Na shuka la Mbarabaig, mchungaji wa nchi ya Hanang, ni nguo pana vile vile: alfajiri humkinga na baridi, na adhuhuri humkinga na jua. Watu wa nchi za joto, tangu Hadhramaut hata Pemba, hawakuchagua nguo za kupwaya kwa ujinga.

Ama mtindo huu wa vijana, umetoka katika miji ya Marekani, kwa vijana weusi waimbao nyimbo za kufoka. Ukaenea Tanzania pamoja na nyimbo zenyewe katika miaka ya 1990, baada ya Saleh Jabir kuzitia maneno ya Kiswahili mwaka wa 1991. Lakini nguo hazikuja kwa nyimbo tu. Zilikuja pia kwa marobota. Mitumba ni nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani, na wengi wa watu wale ni wapana wa miili. Robota halimuulizi mnunuzi kimo chake. Kijana mwenye shilingi chache huvaa alichokikuta kwenye lundo, na mwenye kumtazama akadhani ni kiburi, kumbe ni bei.

Na hii si mara ya kwanza kwa wakubwa kugombana na wadogo kwa sababu ya kitambaa. Mwezi wa Juni 1943, mjini Los Angeles, wanamaji wa Marekani waliwapiga na kuwavua vijana wenye asili ya Mexico kwa ajili ya suti zao pana, na katika hoja zao ilikuwa kwamba suti zile ni ufujaji wa kitambaa wakati wa vita. Mwezi wa Januari 1969 ilianza Operesheni Vijana mjini Dar es Salaam, na katika vilivyokatazwa ilikuwamo suruali ya kubana. Baadaye likaja bugaluu, suruali ipanukayo miguuni, nalo likalaumiwa. Kisha ikaja Kata K, suruali iteremshwayo chini ya kiuno. Basi kijana aliyelaumiwa mwaka wa 1969 kwa suruali ya kubana, leo ni mzee amlaumuye mjukuu wake kwa suruali ya kupwaya. Mwenye akili na azingatie.

FASILI YA PILI: HUKUMU YA NGUO YENYEWE

Upana peke yake hauna lawama katika sheria. Bali nguo isiyobana, isiyochora maungo ya mwili, ndiyo iliyo karibu zaidi na sitara. Lawama iko katika mambo mengine, na lililo mashuhuri ni kuburura nguo ikapita vifundo vya miguu. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, na katika hao Imamu Nawawi, wamepambanua: mwenye kuburura kwa kiburi amefanya haramu, na asiye na kiburi, jambo lake ni makuruhu. Asili ya upambanuzi huu ni kisa cha Sayyidna Abubakar, aliyemwambia Mtume kwamba upande mmoja wa shuka yake huteremka asipoiangalia, naye Mtume akamjulisha kwamba yeye si katika wafanyao hayo kwa kiburi.

Sasa kiburi makazi yake ni moyo, na moyo wa mtu hausomwi kwa kutazama pindo. Anaweza mtu akavaa suruali ya mtumba imburure naye ni mnyenyekevu; na mwingine akavaa kanzu iliyokatwa kwa kipimo, yenye darizi ya thamani, akatembea nayo kama kwamba ardhi yote ni yake.

Ama adabu ya kukataza, imeonyeshwa na Sayyidna Umar bin Khattab katika siku zake za mwisho, mwaka wa 23 wa Hijra. Naye amelala na jeraha lake la mauti, aliingia kijana akamsifu na kumliwaza. Kijana alipogeuka kwenda zake, shuka yake ilikuwa yagusa chini. Sayyidna Umar akaamrisha arejeshwe, akamwita mwana wa ndugu yake, akamwambia apandishe nguo yake, kwani ndiyo itakavyobaki safi, na ndivyo inavyoelekea ucha Mungu. Tazama mambo manne: alimwacha kwanza amalize maneno yake; alimwita kwa jina la ujamaa; alimtajia sababu aliyoweza kuifahamu, nayo ni usafi; wala hakumfukuza. Na haya aliyafanya mtu anayekufa. Basi mwenye afya yake ana udhuru gani?

FASILI YA TATU: NGUO PANA KATIKA SALA

Mas-ala ya kwanza. Utupu wa mwanamume katika sala ni baina ya kitovu na magoti, mbele na nyuma. Mwenye Kata K huenda akasitirika asimamapo, kwa urefu wa fulana yake. Lakini asujudupo fulana hupanda mgongoni, na lililo chini ya usawa wa kitovu likadhihirika. Likidhihirika naye asilisitiri mara ile, sala hubatilika. Dawa yake ni mshipi wa kukaza suruali mahali pake.

Mas-ala ya pili. Nguo yenye shingo pana, ikiwa mwenye kuivaa hana nguo nyingine ndani, na utupu wake huonekana shingoni anaporukuu, ni wajibu aifunge shingo hiyo. Mas-ala hii yamkuta mwenye kanzu isiyofungwa kifungo kama imkutavyo mwenye fulana.

Mas-ala ya tatu. Vijana wengi hukunja miguu ya suruali wafikapo mlangoni pa msikiti. Sala yao ni sahihi. Ila kukunja nguo kwa ajili ya sala ni makuruhu. Kwa hiyo bora suruali ikatwe mapema, isihitaji kukunjwa.

Mas-ala ya nne. Tope la njia lisiloonekana ndani yake najisi yenyewe husamehewa kwa kadiri ambayo ni vigumu kuepukana nayo. Na kadiri hii hukhitilafiana kwa majira na kwa mahali pa nguo: lisamehewalo wakati wa mvua silo lisamehewalo wakati wa kiangazi, na lisamehewalo pindoni silo lisamehewalo mikononi. Basi kijana yule wa Getanuwas hakustahiki kuambiwa mbele ya watu kwamba ni najisi.

FASILI YA NNE: NGUO NA MVUA

Akili nayo ina neno lake. Jinzi ni pamba nzito. Pindo lake likigusa dimbwi hupandisha maji kama utambi upandishavyo mafuta, hata yafike magotini. Na katika masika ya pwani, baina ya Machi na Mei, hewa imejaa unyevu; jasho halikauki upesi, na nguo iliyolowa hushinda mwilini siku nzima. Hapo ndipo choa huota mapajani na kwapani. Sweta lililo rehema alfajiri ya Hanang huwa adhabu adhuhuri ya Tanga. Kijana apendaye upana na abaki nao, lakini achague kitambaa chepesi, akauke kabla ya kuvaa, na ampelekee fundi cherehani suruali yake aipunguze juu ya vifundo. Kazi hiyo ni ya muda mchache, na ujira wake ni mdogo.

KHATIMA

Jawabu ya suali la mwanzo ni hii. Kosa la kijana, ikiwa hana kiburi, ni makuruhu moja iondokayo kwa mkasi. Kosa la mzee ni kumvunjia heshima Muislamu na kumkatia njia ya msikiti, na hilo haliondoki kwa mkasi wala kwa sindano, ila kwa kumfuata kijana aliko na kumtaka radhi. Na lau mzee yule angalimpa kikoi kikavu, akamketisha karibu naye, kisha baada ya sala akamwonyesha duka la fundi, basi angalikuwa amekataza kama alivyokataza Sayyidna Umar.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, na kwake ndiko kuwafikishwa.