Kitanzi, Nundu na Mshororo: Lugha ya Kufundishia Ufumaji katika Vikundi vya Akina Mama

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawezi kuandika kurasa mbili bila ya kuazima maneno ya mafundi wa uzi na ukili. Riwaya ina msuko, shairi ni utungo, jamii ina mfumo, na mhusika aliyekwama yumo katika mambo ya kutatanisha ambayo sharti yatatuliwe. Maneno haya yote yalikuwa ya mikono kabla hayajawa ya wahakiki. Kusuka ni kazi ya ukili na nywele. Kutunga ni kupitisha uzi katika shanga. Mfumo umetokana na kufuma. Na kutatua ni kuuondolea uzi matata yake.

La kustaajabisha ni kwamba lugha hii iliyoikopesha taaluma ya fasihi istilahi nyingi kiasi hicho huishiwa na maneno pale ambapo uzi wenyewe unafundishwa. Mwalimu wa ufumaji katika kikundi cha akina mama, awe Nakuru, Kitale au Nairobi, hueleza kwa Kiswahili fasaha bei ya uzi, zamu za mashine na mchango wa wiki. Afikapo kwenye mbinu mpya ya kufuma, lugha yake hugeuka kuwa vionyeshi vitupu: "fanya hivi", "pitisha hapa", "si hivyo, hivi". Makala haya yanajadili asili ya pengo hilo, yanaonyesha linavyomdhuru anayejifunza, na kupendekeza baadhi ya istilahi zinazoweza kulijaza.

Maneno bila kazi, kazi bila maneno

Ufumaji wa nguo si jambo geni katika pwani ya Afrika Mashariki. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mnamo 1331, alitaja vitambaa vilivyofumwa huko na kupelekwa hadi Misri. Huko Kilwa, wanaakiolojia wamefukua vigurudumu vidogo vilivyotumiwa katika kusokota uzi. Kazi hiyo iliacha msamiati wake katika lugha: mtande, yaani nyuzi zinazotandwa kwa urefu, mshindio, yaani nyuzi zinazopitishwa kwa upana, kitanda cha mfumi, na kitenzi sokota ambacho leo kimebaki kutumika zaidi kwa tumbo linalouma. Katika karne ya 19, merikani, kitambaa cha pamba kilicholetwa na wafanyabiashara wa Marekani, kilienea sokoni, na vitanda vya wafumi vikazidi kunyamaza. Mtande na mshindio yakahamia kamusini, na humo ndimo wanafunzi wengi wa leo huyakuta kwa mara ya kwanza.

Ufumaji wa sindano mbili, huu wa sweta, soksi na kofia za watoto wachanga, uliingia bara kwa mlango mwingine kabisa. Uliletwa na shule za misheni, kisha ukaenezwa na vilabu vya wanawake vya wakati wa ukoloni. Maendeleo ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka wa 1952, mwaka ambao pia Hali ya Hatari ilitangazwa nchini Kenya, ilikuwa na vilabu vilivyofundisha upishi, malezi, ushonaji na ufumaji. Utaratibu huo ulikuwa na siasa yake, na wanahistoria wameijadili kwa kina. Linalohusu makala haya ni dogo zaidi: kazi ilikuja na majina yake ya Kiingereza, na hakuna aliyeona haja ya kuyatafutia mengine.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, masomo ya sanaa na ufundi pamoja na sayansi kimu yaliipeleka kazi hiyo hadi katika shule za msingi. Wengi waliosoma miaka hiyo wangali wanakumbuka spoku za baiskeli zilizonolewa ncha zikawa sindano, na uzi uliofumuliwa kutoka kwa sweta iliyochakaa. Walifundishwa mishono miwili, "pleni" na "pali". (Jina hili la pili ni la bahati mbaya: sikio la Kiswahili hulisubiri liendelee, palikuwa, palitokea, na halisemi lolote zaidi.) Baada ya mtaala kupunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, masomo hayo hayakutahiniwa tena katika KCPE, na mahali pa kujifunzia kufuma pakabaki kuwa nyumbani au kikundini.

Somo lenyewe

Ili pengo hili lieleweke, ni lazima kazi yenyewe ielezwe. Mfumaji hushika sindano yenye vitanzi kwa mkono wa kushoto na sindano tupu kwa mkono wa kulia. Katika mshono wa kwanza, uzi hukaa nyuma ya sindano. Ncha ya sindano ya kulia huingia katika kitanzi kutoka mbele ikaelekea nyuma, huzungushiwa uzi, kisha huuvuta uzi huo ukapita katika kitanzi cha zamani na kuwa kitanzi kipya. Katika mshono wa pili kila kitu hugeuzwa: uzi huletwa mbele, na ncha hutoka upande wa nyuma ikaja mbele. Hiyo ndiyo siri yote. Mishono mingi iliyobaki, hata ile yenye misuko na matundu ya urembo, hujengwa kwa hiyo miwili, kwa kuongeza au kupunguza vitanzi, na kwa kuvipishanisha.

Hapa ndipo lugha inapokwaza. Mwalimu asiyetaka "pleni" na "pali" aghalabu hukimbilia maneno mbele na nyuma. Anapotazama mikono yake, mshono wa pili ndio "wa mbele", kwa kuwa uzi uko mbele na ncha ya sindano inatokea mbele. Mwanafunzi naye hutazama nguo. Kwake, "mbele" ni ule upande mlaini wa sweta unaovaliwa nje, na upande huo hutokana na mshono wa kwanza. Mwalimu anasema mbele, mwanafunzi anasikia mbele, na kila mmoja anafuma kinyume cha mwenzake. Swali linalofaa kuulizwa papo hapo ni, "Mwalimu, mbele ya uzi ama mbele ya nguo?" Lakini aliyejiunga na kikundi juzi, aliye mdogo kwa umri miongoni mwa mama zake, haulizi. Hutikisa kichwa na kusubiri kuonyeshwa tena.

Ikumbukwe kwamba kuonyeshana si njia duni ya kufundisha. Ukili hufundishwa hivyo hivyo, na kiondo pia. Tofauti ni kwamba binti anayejifunza ukili kwa nyanya yake huketi naye jioni baada ya jioni. Akikosea leo, kesho mkono wa nyanya upo. Kikundi hukutana mara moja kwa wiki kwa saa mbili, na sehemu ya saa hizo huliwa na hesabu za chama. Mwanachama akirudi nyumbani na mshono mpya nusu ameuelewa, hana nyanya wala mwalimu. Ana sindano, uzi na neno alilosikia. Neno hilo likiwa ni "hivi", limebaki ukumbini.

Wapo watakaosema kwamba vielelezo vilivyochapishwa vinatosha. Vielelezo hivyo kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza cha mkato, herufi K, herufi P, nambari na mabano, kiasi kwamba hata aliyemaliza kidato cha nne husoma mstari mmoja mara tatu. Matokeo yake ni kwamba kikundi humtegemea mtu mmoja anayejua kuufasiri mkato huo. Akihama, au akigombana na mweka hazina, kikundi hurudia mishono iliyokijua mwaka uliopita. Wenye mashine za mkono za kufumia sare za shule hupata kazi nyingi zaidi, lakini nao hukwama vivyo hivyo shule inapobadilisha umbo la shingo.

Kuzitafuta istilahi

Waundaji wa istilahi huwa na njia nyingi: kukopa, kufasiri, kunyambua, kuambatanisha, kuyapa maneno ya zamani maana mpya. Katika kazi hii, njia ya mwisho ina faida iliyo wazi, kwa sababu maneno ya zamani yapo na ni ya ukoo mmoja.

Kitendo cha kuweka vitanzi vya mwanzo katika sindano kinaweza kuitwa kutanda. Kitenzi hiki ndicho kilichozaa mtande. Wafumi wa kale walitanda nyuzi kabla ya kuanza, na anayefuma sweta naye hutanda vitanzi kabla ya kuanza. Mfululizo wa vitanzi kutoka mwisho mmoja wa sindano hadi mwingine unafaa kuitwa mshororo. Neno hilo si mali ya washairi peke yao, kwani Wakenya husema mshororo wa watu wanaosubiri huduma. Katika ufumaji wa ndoana moja, ule wa vitambaa vya kutandika viti sebuleni, vitanzi vya kuanzia huning'inizana kimoja ndani ya kingine kama mkufu, na mkufu ndilo jina lililo karibu. Mwanafunzi anayejua bahari ya mkufu, ambayo neno la mwisho la ubeti huanzisha ubeti unaofuata, ataona mara moja jinsi kazi hii inavyokwenda.

Unyambuaji nao una hazina yake. Kiambishi cha kutendua ni miongoni mwa mambo ambayo mwalimu wa sarufi hutafutia mifano kila muhula: funga na fungua, kunja na kunjua. Fuma na fumua hufuata utaratibu huo, na hakuna mfumaji asiyekihitaji kitenzi cha pili kila siku. Fumuka hutaja kinachotokea chenyewe, kwa mfano pindo lisilofungwa vizuri. Kitanzi kilichoponyoka sindanoni kimechopoka. Kikiachwa hushuka mshororo baada ya mshororo na kuacha alama kama ngazi. Dawa yake ni kukiokota kwa ndoana na kukipandisha kipago kwa kipago. Kuokota vitanzi hutaja pia kazi ya kuanzisha shingo au mkono juu ya kitambaa kilichokamilika. Hapa Kiswahili hakina upungufu wowote.

Ugumu uko katika ile mishono miwili. Pendekezo la makala haya ni kuyaacha mbele na nyuma, na kuitaja mishono kwa sura yake upande unaomkabili mfumaji. Mshono wa kwanza huacha umbo lililolala, kama ncha ya mshale inayoelekea chini. Huo uitwe bapa. Wa pili huacha kivimbe kidogo chini ya sindano; huo uitwe nundu. Faida yake ni kwamba jina laweza kuhakikiwa kwa jicho baada ya mkono kumaliza. Mfumaji aliye peke yake nyumbani hawezi kukumbuka uzi ulikuwa wapi dakika mbili zilizopita, lakini anaweza kutazama kitambaa na kuona nundu. Vilevile, atajionea kwamba kitambaa kikigeuzwa, bapa huwa nundu na nundu huwa bapa, jambo ambalo "pleni" na "pali" hulificha kwa miezi. Akilielewa hilo, ataelewa kwa nini kufuma bapa mishororo yote huleta kitambaa chenye matuta pande zote mbili, ilhali upande mlaini hupatikana kwa mshororo wa bapa na mshororo wa nundu kwa zamu.

Pingamizi mbili zastahili kutajwa. Ya kwanza ni kwamba kitanzi ni neno zito; linamkumbusha msikilizaji aliyejitia kitanzi, na wapo wanaoona haifai kulitamka mara mia mbili kwa alasiri moja. Pingamizi hii isidharauliwe. Hata hivyo, badala lake la kawaida, fundo, lina kasoro kubwa zaidi: fundo hukazwa lisifumuke, ilhali sweta nzima hufumuka kwa kuvuta uzi mmoja, na uzuri wake ni kwamba haina fundo hata moja katikati. Atakayetumia tundu au jicho hatakuwa amekosea sana. Pingamizi ya pili ni kwamba wafumaji wameshazoea maneno ya kukopa. Ni kweli, na si yote ya kufukuzwa. Sweta ni sweta. Sufu yenyewe ilitoka kwa Waarabu na haina mgogoro na mtu. Neno la mkopo linaloeleweka na kila mwanachama liachwe lilivyo. Linalohitaji kubadilishwa ni lile linaloeleweka na mwalimu pekee.

Istilahi zikikubaliwa, kinachofuata ni kuziandika katika maelekezo mafupi yanayoweza kukaa mfukoni. Mfano ni huu wa ukanda unaonyumbuka, ambao huwekwa kiunoni na mikononi mwa sweta ya mtoto:

Tanda vitanzi 60. Mshororo wa 1: bapa 2, nundu 2; rudia hadi mwisho. Mshororo wa 2 hadi wa 12: fuma kila kitanzi kama unavyokiona, bapa juu ya bapa, nundu juu ya nundu.

Kwa kuwa 60 hugawanyika kwa 4, kila mshororo huanza kwa bapa mbili na kuishia kwa nundu mbili, hata kitambaa kinapogeuzwa. Mfumaji akikuta nundu mwanzoni ajue kuna kitanzi kilichochopoka au kilichozidi. Kadi ya namna hii haijaribiwi na mwalimu aliyeiandika. Ijaribiwe na mwanachama ambaye hajawahi kuuona ukanda huo ukifumwa, akiwa nyumbani kwake, na juma linalofuata aje nao kikundini pamoja na orodha ya maneno yaliyomkwamisha.